Nani Apake Nyumba ya Mama

Harar, 20 Agosti 1994

Mdogo wangu Arif,

Nakusalimu mimi, anakusalimu Iftu, na anakusalimu jirani yetu Rukiya, ambaye hata salamu huitoa kwa kelele mpaka mtaa mzima ukajua nakuandikia. Sote tu wazima. Mvua za mwaka huu ni nyingi na uchochoro wetu umegeuka mto, watu wanapita wakishikilia nguo na viatu. Paka uliyemwacha mdogo sasa ni bibi kizee. Panya anampita puani, anamtazama tu.

Haya, sasa keti. Iftu amepata mtu. Ni mtoto wa Mzee Bedri, yule wa lango la Badro, kijana mpole, anasikia anapoambiwa. Zulia lililokuwa juu ya mlango wetu tumelishusha, kwa hiyo kila apitaye amekwisha jua kwamba binti wa nyumba hii ameposwa. Harusi ni Mfungo Mosi, baada ya Idi. Unayo miezi saba ya kujitayarisha, usije ukaniambia nimekustukiza.

Nakutaka uje. Sina haja ya zawadi. Tangu baba afe, na mume wangu Mahdi akamfuata, baraza la mwenye nyumba, lile lililoinuka kuliko mengine, halikaliwi na mtu. Wageni wakiingia sebuleni wanaliona, wanalizunguka, wanakaa kwenye mabaraza mengine. Siku ya harusi wazee wa Bedri watakuja kumchukua mtoto wangu, na mtu wa kumtoa ni mjomba wake. Nataka wakukute umekaa pale juu umeegemea mto.

Jambo la pili ni dogo. Nyumba haijapakwa rangi tangu Mama atutoke. Unajua alivyokuwa, mwezi wa Mlisho ukiingia tu anafunga kanga kichwani, anatoa sahani na vikapu vyote ukutani, na hamna mtu wa kula wala kulala mpaka nyumba ing'ae tayari kwa mfungo. Miaka mitatu sasa mimi natafuta sababu. Siku hizi wenzangu wanakodi mafundi. Mimi sitaki mtu baki aguse kuta za Mama. Nitapaka mwenyewe.

Nijibu upesi, na ujibu nililouliza.

Dada yako,
Nuriya

Toronto, 2 Oktoba 1994

Dada yangu mpenzi Nuriya,

Barua yako imenifikia baada ya wiki tano, imekunjika pembe lakini imefika. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kubisha hodi na miti ya huku imekuwa myekundu yote. Mpe Iftu pongezi zangu. Nikifumba macho bado namwona akitambaa na kijiko mdomoni, leo eti biharusi! Mzee Bedri ni mtu mwema, amepata na amepatikana.

Kuhusu kuja, kazi za ofisini zimeshika kasi sana wakati huu, na wakubwa hawajapanga likizo za mwakani. Nitakueleza.

Kuhusu nyumba, nakuomba ukodi fundi. Nimempa Sefedin, yule mwenzetu wa Harar aliye huku, kitu kidogo cha kazi hiyo, ataleta akija mwezi ujao. Tafuta mtu mwenye mkono mtulivu. Asianze katikati ya ukuta. Aanze na kona na ukingo wa dari kwa brashi ndogo, ndipo ashuke na rola, na asiache ukingo ukauke kabla hajauunganisha, la sivyo michirizi itaonekana kila jua likiingia mlangoni. Mlango na fremu aviache mwisho. Rangi aikoroge mpaka chini ya kopo, maana rangi yenyewe hulala chini na juu hubaki mafuta. Nunueni yote ya chumba kimoja kwa siku moja, makopo ya siku tofauti hayafanani hata jina liwe lile lile.

Na mwambie asipake siku ya mvua.

Nawakumbuka sana, Dada. Kuna siku nasikia harufu ya uwatu unaochemka nikiwa njiani, nageuka, kumbe hamna kitu.

Ndugu yako,
Arif

Harar, 15 Novemba 1994

Arif,

Salamu za humu ndani ni zile zile, na afya ni ile ile. Sefedin amefika amenenepa, amevaa saa mbili. Yeye naye ana kazi huko, anaosha vyombo hotelini, na hii ni mara yake ya pili kuja. Nimeulizwa na watu watatu kwenye chama chetu cha afocha, mbele ya wanawake wote waliokuja kwa arobaini ya mama Zahra, "Na wako anakuja lini?" Nikasema ana kazi ya ofisi. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikajisikia vibaya, sijui kwa nini.

Barua yako nimeisoma yote. Kona zimo, dari limo, makopo yamo, wewe mwenyewe humo. Nilikuuliza utakuja au hutakuja, ukanifundisha kukoroga rangi. Tangu lini wewe unajua rangi? Mama akipaka nyumba ulikuwa unakimbilia kwa mjomba usije ukatumwa maji.

Fundi sitaki. Mama alipaka nyumba hii kwa mikono yake miaka arobaini. Nikimwingiza mtu wa kukodi nitakuwa nimesema kwamba nyumba haina mwenyewe. Na wewe ukinitumia fundi badala ya kuja, nisemeje? Ungenitumia basi na mtu wa kukodi akae kwenye baraza la baba!

Nimekasirika, ndiyo maana nakatiza hapa. Kula vizuri, na uvae soksi mbili.

Nuriya

Mjomba, ni mimi Iftu. Mama anasema maneno na mimi naandika, ndiyo maana mwandiko umekuwa mzuri ghafla. Atakwambia atapaka mwenyewe, si kweli. Mkono wake wa kulia haupandi juu ya bega tangu mwaka jana, hata nywele zake namsuka mimi. Hataki ujue. Usimwambie kama nimekwambia, ataninyonga kabla ya harusi.

Toronto, 18 Desemba 1994

Dada yangu,

Nakusalimu, na naomba hasira zako ziwe zimepoa njiani, maana zimekaa mwezi mzima kwenye bahasha. Theluji imeanguka mpaka magotini. Nimevaa soksi mbili. Namshukuru na Iftu kwa mwandiko wake.

Sikutuma fundi badala yangu. Nakusihi tu usipande kwenye ngazi wala kwenye kigoda. Mtu akipaka dari shingo inapinda na damu inapanda kichwani, anaweza kuanguka hata awe kijana. Nimewaona walioanguka. Kwa ajili yangu, tafuta mtu.

Kuna jambo nililisahau, na ndilo kubwa kuliko yote. Kuta zile zina rangi juu ya rangi, miaka arobaini kama unavyosema. Rangi mpya haishiki juu ya rangi iliyochoka, itabambuka kabla ya Idi Kubwa. Fundi akwangue yote, asibakize, mpaka aone ukuta wenyewe. Apige msasa, afute vumbi kwa kitambaa kibichi, apake rangi ya chini, aiache siku nzima, ndipo apake mikono miwili ya rangi ya mafuta. Atakuambia si lazima. Mafundi wavivu wote husema si lazima. Msimamie.

Chumba cha biharusi akianze kwanza kwa sababu ni kidogo na hakina hewa, kikauke mapema. Iftu asije akalala na harufu.

Kuhusu safari, wakubwa wa ofisi bado hawajasema kitu.

Nakukumbuka,
Arif

Toronto, 29 Januari 1995

Dada Nuriya,

Sijapata barua tangu Novemba. Nilipiga simu dukani kwa mtoto wa Rukiya mara mbili, mstari ukakatika. Huenda posta ndiyo inayochelewa. Huenda umeninunia. Ukininunia niandikie hivyo hivyo na nuno lako, nitafurahi. Mfungo unaingia wiki hii, na hapa nitafuturu peke yangu na redio. Nakuombeni radhi nyote.

Arif

Harar, Ramadhani 8 (9 Februari 1995)

Arif,

Tumefunga salama, namshukuru Mungu. Mengine si salama.

Ulivyotaka nimefanya. Bega langu ni bovu, sasa nakwambia mwenyewe, na najua kwamba ulikwisha ambiwa, maana huwezi kuniandikia habari za ngazi ukurasa mzima hivi hivi tu. Mwishoni mwa Mlisho nilijaribu peke yangu. Nilipaka mpaka kimo cha bega, mkono ukakataa. Nikalia. Siku ya pili nikamwita fundi Girma wa nje ya ukuta wa mji, mtu mzima, mpole, viatu anavivua mlangoni bila kuambiwa.

Nikamwonyesha chumba cha biharusi. Akaugonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena. Akasema, "Mama, huu ukuta ni mawe na udongo. Unashikwa na hizi rangi zake. Nikikwangua mpaka chini, kitakachobaki sikijui. Nipake chokaa juu yake, kama mlivyozoea."

Nikamwambia, "Ndugu yangu yuko Kanada. Amesema ukwangue."

"Ndugu yako ameuona huu ukuta?"

"Amezaliwa humu!"

Basi akakwangua. Ikatoka kijani, ile ya mwisho ya Mama. Ikatoka buluu ya harusi yangu. Ikatoka ile ya manjano iliyomfanya baba aseme tumehamia ndani ya papai. Chini yake chokaa, na chokaa, na chokaa. Mimi nimesimama naziona siku za Mama zinaanguka sakafuni vipande vipande, na barua yako mkononi, na sikumwambia aache. Kilichotoka Kanada nilikiona lazima kiwe kizuri kuliko cha kwetu. Alipofikia udongo, ukuta ukapumua vumbi, mara kipande chote kuanzia mlangoni mpaka kwenye shubaka la sahani kikashuka na mawe yake. Nasema kikashuka. Shimo likatokea kwa Rukiya, na Rukiya amekaa upande wa pili anachambua dengu. Akachungulia, akasema, "Hodi?"

Iftu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Sasa sikiliza. Girma alikuwa amefunikwa vumbi mwili mzima, akaniomba barua zako. Nikamsomea. Aliposikia pale pa ukingo usikauke, na rangi kulala chini ya kopo, akaniangalia. Akasema, "Mama, anafanya kazi gani huyu ndugu yako?"

"Ofisini."

"Hapana. Huyu ni fundi mwenzangu. Na ni fundi mzuri kuliko mimi. Ila anapaka kuta za mbao, udongo ameusahau."

Arif, unafanya kazi gani?

Mtu wa ofisi ana likizo. Miaka saba najiambia kila Arafa kwamba mwaka huu watampa, na Sefedin anayeosha vyombo anakuja na kurudi mbele ya macho yangu. Nikafika mahali nikasema, basi, Arif hataki. Ameoa huko, au ametuchoka, au anaona haya nyumba yetu ya udongo. Nimekaa na neno hilo sikumwambia mtu. Kwa hiyo nijibu hilo moja tu.

Nuriya

Toronto, 26 Februari 1995

Dada yangu,

Barua yako imeletwa jana na mkono wa msafiri, na hii naiweka kwa Sefedin ambaye anapanda ndege kesho kutwa kuja kwenye harusi, ikufikie kabla.

Napaka rangi nyumba za watu. Mwaka wa saba sasa. Sijawahi kuingia ofisi yoyote ila kuipaka.

Nilipofika huku Mama aliandika kuuliza, "Umepata kazi ya kalamu?" Alikuwa amejinyima kila kitu nisome, na nyumbani kwetu kupaka ndani ni kazi ya wanawake. Nilikuwa nimerudi kazini, mikono ina rangi nyeupe mpaka viwikoni, nikajibu ndiyo. Nilisema nitalirekebisha neno hilo nikipata kazi nyingine. Sikupata. Kisha nikasikia Mama anawaeleza watu, nikaona haya kulibomoa. Alikufa analiamini. Hilo sitalisahau mpaka nife.

Na karatasi sina. Ombi langu la kukaa huku lilikataliwa, nimekata rufaa, na sasa ni mwaka wa tatu nasubiri barua. Nikitoka nje ya nchi hii leo siwezi kurudi tena, na hicho kidogo ninachowatumia kinakwisha siku hiyo hiyo. Sefedin ana karatasi, anakuja na kwenda. Hakuna wakubwa wa ofisi, wala mke, wala kuchoka. Mara ngapi nimefungasha sanduku, Dada, nikafungua tena.

Unataka kujua kama naona haya nyumba yetu? Nikikodiwa kupaka nyumba, wenyewe huwa wametoka. Nabaki peke yangu kwenye chumba kitupu. Naweka sufuria ya chakula katikati ya sakafu maana kuta zote ni mbichi, nakula, na naongea kwa lugha yetu kwa sauti. Nasema, hapa baraza la baba, hapa la mashehe, pale juu vikapu vya Mama. Nakipanga chumba cha watu baki mpaka kinafanana na chetu, halafu saa inaisha nachukua ndoo zangu. Kila siku ya kazi nafanya hivyo. Nimekipanga mara nyingi mno, na bado nikasahau kwamba kuta zake ni udongo! Nilipofika hapo kwenye barua yako niliinama nikalia kwenye ngazi ya nyumba ya mtu, na yule mama mwenye nyumba akaniletea maji.

Nisamehe ukuta. Nisamehe rangi za Mama. Siji, Dada. Natamani kuja kuliko unavyoweza kufikiri, na siji.

Waambie wazee wa Bedri lolote utakaloona linafaa.

Arif

Harar, 2 Aprili 1995

Mdogo wangu, fundi Arif,

Nakusalimu, na harusi imekwisha salama. Iftu yuko kwa mumewe anakusalimu na amekwisha anza kulalamika kwamba mama mkwe anatia pilipili nyingi. Bega limepoa kidogo. Rukiya anasikitika shimo limezibwa, anasema alizoea kupitishiwa kahawa.

Barua yako alinipa Sefedin siku tano kabla ya harusi. Niliisoma, nikaenda nikakaa chumba cha biharusi peke yangu. Kisha nikakutukana, kwa sauti, na matusi yote ninayoyajua. Si kwa ajili ya brashi. Ulinificha kazi ukaniacha nifikiri hututaki. Miaka saba, Arif! Ungeniambia unapaka rangi na huna karatasi, ningelia mara moja nikanyamaza, nikawa nakuombea kwa jina la shida yako. Badala yake nimekuwa nakuombea huku nimekununia, sijui dua za namna hiyo zinafika wapi. Mama angeona haya siku mbili. Siku ya tatu angekuandikia kuuliza unachanganya chokaa na nini.

Ukuta tuliujenga upya wakati wa mfungo. Wanawake wa afocha walikuja na udongo na makapi, tukaukanyaga uani kwa miguu tukiwa na swaumu zetu, tukicheka kidogo kidogo kuokoa nguvu. Girma alirudi bila kuitwa. Yeye hafungi, ila akitaka kunywa maji alikuwa anatoka nje ya lango asitutamanishe. Alipanga mawe, akakandika, tukapaka chokaa. Na rangi tuligawana. Juu ya bega kapaka yeye, chini ya bega nimepaka mimi, nyumba nzima. Ukitazama vizuri mstari unaonekana. Yeye ananyoosha, mimi napindisha. Wageni wote wamesema nyumba imependeza, na walioona mstari wameniheshimu wakanyamaza.

Sasa siku yenyewe. Wazee wa Bedri waliingia, wakavua viatu, wakakaa. Mzee Bedri akatazama huku na huku, akauliza, "Mjomba wa binti yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko Toronto. Hana ruhusa ya kusafiri, anasubiri karatasi."

"Wa ofisini yule?"

Wanawake wote wakanitazama. Nikasema, "Hapana. Anapaka rangi nyumba za watu. Na kazi yake ni safi, fundi Girma hapa ni shahidi."

Aliyekuwa anamimina kahawa akashusha birika. Kisha dada yake Mzee Bedri, yule bibi asiye na meno, akasema, "Alaa! Akija basi asiende kwenu, aje kwanza kwangu. Dari langu limenishinda." Wakacheka, na kicheko hakikuwa kibaya. Mzee Bedri akakuombea dua, wewe na karatasi zako, kwa jina lako na la Mama, na watu wote wakaitikia amina.

Ikabaki nani atamtoa mtoto. Binamu yetu Yasin alikuwa amekwisha simama anajipanguza, anaelekea kwenye baraza la baba. Nikamwambia, "Yasin, asante, kaa." Nikapanda mimi. Mwanamke! Wazee walitazamana, mmoja akakohoa, lakini hakuna aliyenizuia. Nimemtoa mwanangu nimekaa pale juu, na nguo ya hariri ya Mama, na chokaa kwenye kucha.

Sikutaka baraza libaki wazi. Likibaki wazi ni la waliokufa, na wewe u hai. Ila nilikaa ukingoni, Arif, nusu tu, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Mgongo uliniuma siku nzima, na sikusogea katikati.

Dada yako,
Nuriya